Nguvu za Mwili Hujengwaje?

Hakuna kijana asiyependa kuwa na mwili wenye nguvu. Wavulana hupimana mikono na vifua waendapo kuoga, na kila mmoja hutaka kujua ni nani awezaye kuinua mzigo uliowashinda wenzake. Wasichana nao hupenda kuwa wepesi mchezoni, wala wasichoke njiani wachotapo maji. Tamaa hiyo si mbaya, maana mwili ni amana tuliyopewa na Mungu, na amana hutunzwa.

Lakini wako wengi watakao nguvu wasijue njia yake. Mmoja hujitesa kwa kazi kutwa nzima na tumbo tupu. Mwingine hula sahani tele ya wali mtupu, akadhani ya kuwa kushiba ndiko kujengeka. Wa tatu hununua dawa asizozijua. Basi katika somo hili tutajifunza misuli ni nini, yafaa kijana afanye mazoezi kwa muda gani, na ni chakula gani kijengacho mwili katika bonde letu la Kilombero.

1. Misuli ni nini

Kunja mkono wako wa kuume, kisha ushike juu ya kiwiko kwa mkono wa kushoto. Utaona nyama imevimba na kuwa ngumu. Nyama hiyo ni msuli. Katika mwili wa mtu imo misuli zaidi ya 600, na kila msuli umefanywa kwa nyuzi nyembamba sana zilizolala pamoja, kama nyuzi za kamba ya katani. Msuli hauwezi kusukuma. Kazi yake ni kuvuta tu. Kwa sababu hiyo misuli mingi hufanya kazi miwili miwili: mmoja huukunja mkono, na mwenzake wa nyuma huunyosha.

Mtu afanyapo kazi nzito kuliko ile aliyoizoea, nyuzi hizo huchoka, na baadhi yake hupata majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho. Kisha, apumzikapo, mwili huzitengeneza na kuzifanya nene na imara kuliko kwanza, ili kazi ile ikirudi isizishinde. Liangalie sana neno hili: msuli haukui wakati wa kazi, bali hukua baada ya kazi. Kazi hutoa agizo. Chakula huleta vifaa vya kujengea. Usingizi ni saa ya fundi kujenga. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala juu ya mawili. Ndivyo zilivyo nguvu za mwili: mafiga yake ni matatu, nayo ni kazi, chakula na usingizi. Ondoa moja, chungu kitamwagika.

Tena hapana budi kufikiri juu ya umri. Mtoto ambaye bado hajabalehe akifanya mazoezi huongezeka nguvu, lakini misuli yake hainenepi sana. Nguvu zake hutoka zaidi katika mishipa ya fahamu, ambayo hujifunza kuiamuru misuli vizuri. Abalehepo, mwili hutoa homoni za kukuza, ndipo misuli huanza kujaa, hasa kwa wavulana. Wasichana nao hupata nguvu nyingi kwa mazoezi, ingawa misuli yao haijai kama ya wavulana.

Wala watu wote hawabalehi mwaka mmoja. Katika darasa la saba utawaona wavulana wawili wa miaka 13, mmoja ana mabega mapana na sauti nzito, na mwenzake angali mdogo kama wa darasa la tano. Yule mdogo si mvivu wala si mgonjwa. Saa yake haijafika. Hata mahindi yaliyopandwa siku moja hayachanui yote siku moja. Basi asichekwe, wala asijilazimishe kubeba mizigo ya mwenzake.

2. Mazoezi na kipimo chake

Husimuliwa habari za mtu mmoja wa kale, jina lake Milo, wa mji wa Croton uliojengwa na Wayunani kusini mwa Italia. Aliishi zaidi ya miaka 2500 iliyopita, naye alikuwa bingwa wa mieleka, akashinda mara sita katika michezo ya Olimpia. Watu wa kale walisema ya kuwa alipata nguvu zake kwa njia hii: alimtwaa ndama mchanga akambeba mabegani, na kesho akambeba tena, na kesho kutwa vivyo hivyo. Ndama akakua kidogo kidogo, na nguvu za Milo zikakua pamoja naye, hata siku moja alikuwa akibeba ng'ombe mzima.

Huenda hadithi hiyo ilitiwa chumvi, lakini fundisho lake ni la kweli. Milo hakuanza na ng'ombe. Alianza na ndama. Mzigo uzidi kidogo kidogo, kwa kadiri mwili unavyozoea. Wahenga wetu walisema vivyo hivyo kwa maneno machache: Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi hatuhitaji ndama. Twaa dumu safi la lita 5 lenye mpini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tia lita 2, nawe una mzigo wa kilo 2. Uinue mara 8 kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili, polepole, bila kuurusha. Utakapoweza kuuinua mara 12 bila kupinda mgongo, ongeza nusu lita, urudi tena mara 8. Hivyo utajua hesabu ya nguvu zako mwezi kwa mwezi, pasipo kununua chuma chochote.

Mazoezi mengine hayataki hata dumu. Simama, uchuchumae, uinuke. Lala kifudifudi, weka viganja chini, ukajisukume juu huku mwili umenyooka kama ubao. Aliye dhaifu na aanze kwa kuweka magoti chini. Shika tawi imara la mwembe ujivute mpaka kidevu kifike juu ya tawi. Kila zoezi lifanywe mara 8 hata 12, kisha pumzika dakika moja au mbili, urudie. Mizunguko miwili humtosha aanzaye. Mitatu humtosha aliyezoea.

Sasa, muda uwe kiasi gani? Wako vijana wanaodhani kuwa saa tatu za mazoezi huleta nguvu mara tatu kuliko saa moja. Sivyo. Kwanza upashe mwili moto kwa dakika 5 hata 10, kwa kukimbia polepole na kuzungusha mikono. Kisha ufanye mazoezi ya nguvu kwa dakika 20 hata 30. Mwisho utembee na kujinyosha kwa dakika 5. Jumla yake ni kama dakika 40. Fanya hivyo siku tatu kwa juma, kama Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku ya katikati misuli ipumzike. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema ya kuwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 17 wachangamshe miili yao kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kama kwa kukimbia na kucheza, na ya kuwa katika siku tatu za juma yawemo mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa.

Lakini kumbukeni, ninyi mkaao Mbingu na vijiji vya jirani, ya kuwa kazi ya nyumbani nayo ni mazoezi. Kutwanga kinu hufanya kazi mabega na mgongo. Jembe hufanya kazi mwili mzima. Kuchota maji huimarisha shingo na miguu. Watazameni wavuvi wa Kindamba wasimamao katika mitumbwi yao mtoni: mabega yale hayakujengwa katika ukumbi wa mazoezi. Basi siku uliyolima tangu alfajiri hata saa tano, usiongeze mazoezi mengine jioni. Mwili haujui kama ni jembe au ni mchezo; huona uchovu tu.

Shikeni na haya ya kujilinda. Unapoinua mzigo chini, kunja magoti, mgongo uwe umenyooka. Toa pumzi unapoinua, usiizuie. Usishindane kuinua uzito wa mwisho wa nguvu zako, maana mifupa yako ingali inakua, na karibu na ncha zake pana sehemu laini ziwezazo kuumia. Gunia la mpunga lililojaa si mzigo wa mtoto. Mazoezi ya kiasi, yenye mtu mzima wa kuyaangalia, hayamfupishi mtoto, ingawa wengi husema hivyo. Na maumivu makali ya kiungo si ushujaa, ni onyo. Uonapo hayo, acha, ukamwambie mwalimu au mzazi.

3. Chakula kijengacho mwili

Mpunga ndio fahari ya bonde letu, nao hutupa wanga, yaani chakula cha moto wa mwili. Pasipo moto huo hakuna kazi. Tena mtu akikosa chakula cha kutosha, mwili huanza kuichoma misuli yake wenyewe, kama mtu aliyekosa kuni akachoma boriti za nyumba yake. Kwa hiyo kijana afanyaye mazoezi na tumbo tupu hajengi, bali hubomoa.

Walakini wali peke yake hautoshi. Kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia, nacho ni nchi ya mpunga kama bonde letu. Huko, katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi jina lake Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, wasiweze kusimama. Walipopewa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Siku zile watu wengi wa Asia waliokula mchele mweupe pasipo vyakula vingine vya kutosha waliugua vivyo hivyo, miguu ikafa ganzi na moyo ukadhoofika. Baadaye ilijulikana ya kuwa katika ngozi nyembamba ya punje imo vitamini, ambayo mashine ya kukoboa huiondoa pamoja na pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake, Frederick Hopkins. Basi mtu mwenye ghala la mpunga aweza kudhoofika huku ameshiba.

Chakula kijengacho misuli huitwa protini. Imo katika samaki, nyama, mayai, maziwa, maharage, kunde, mbaazi, choroko na karanga. Mtoto akuaye ahitaji protini kama gramu 1 kila siku kwa kila kilo ya uzito wake, na afanyaye mazoezi mazito huhitaji zaidi kidogo. Basi tufanye hesabu. Kijana wa kilo 45 ahitaji gramu 45 hivi. Gramu 100 za wali uliopikwa zina protini gramu 2 na nusu hivi. Kama angetaka kuipata yote katika wali mtupu, ingempasa kula kilo 1 na gramu 800 za wali kila siku, na hata hivyo asingejengeka vema, maana protini ya mchele ina upungufu.

Sasa tazama njia iliyo rahisi. Konzi moja ya karanga katika uji wa asubuhi ina gramu 7 hivi. Maharage yaliyopikwa, gramu 200, yana kama 17. Wali wa mchana na wa jioni, gramu 400 kwa jumla, una 10. Kipande cha perege au kambale cha gramu 80 kina kama 16. Jumla yake ni gramu 50. Siku asipopatikana samaki, yai moja lina gramu 6, na kikombe cha maziwa kina 8. Tena upungufu ulio katika mchele hujazwa na maharage, na ulio katika maharage hujazwa na mchele. Wahenga waliopenda wali kwa maharage walikula kwa hekima.

Wala msisahau mboga na matunda. Mchicha, matembele na kisamvu vina madini ya chuma, ambayo hufanya damu. Na maembe, mapapai, machungwa na ndimu huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai inywewapo pamoja na chakula huyazuia. Basi mnywe baadaye. Wasichana waliokwisha kuanza hedhi huhitaji madini ya chuma kuliko wavulana, na si haki wao kupewa mchuzi huku samaki akienda kwa wengine.

Hapa pana jambo lipasalo kufikiriwa na kila nyumba. Katika miezi ya mvua, wazazi wengi wa bonde hili huhamia mashamba ya mbali, wakakaa katika vibanda vyao kulinda mpunga, na watoto wa shule hubaki kijijini wakijipikia. Ndipo utakapomwona mtoto akila mara moja tu kwa siku, tena wali na chumvi. Naye ndiye yule yule anayetakiwa shuleni akimbie, ashike jembe, na kufaulu mtihani. Basi wazazi wanapogawa akiba, wasiache mchele peke yake. Waache na debe la maharage au kunde, na karanga kidogo. Vyakula hivyo havihitaji barafu wala fedha nyingi, navyo huvumilia miezi mingi vikihifadhiwa pakavu. Tena wakati wa mavuno, mtu asiuze kunde zote kwa kuwa zina bei nzuri. Bei yake ni damu ya mtoto.

Nanyi wanafunzi msikae mkingojea. Pandeni mbaazi pembezoni mwa shamba na mchicha nyuma ya nyumba. Fugeni kuku wawili watatu. Mwenye ndoano na aende kuvua, akiongozana na mkubwa wake, maana mito yetu ina mamba. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

4. Usingizi na wezi wa nguvu

Usingizi ni figa la tatu, nalo ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji kulala saa 8 hata 10. Aliye mdogo kuliko huyo huhitaji saa 9 na zaidi. Alalaye saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri amepata saa 8 na nusu. Akeshaye kwenye video au simu hata saa sita, misuli yake imekosa fundi usiku ule.

Wako na wezi waibao kile mlichokijenga. Wa kwanza ni malaria, ambayo huharibu chembe za damu. Mji wa Ifakara una sifa katika vita hivyo: kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa huko katika miaka ya 1950, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilikuwa miongoni mwa waliosambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, na vifo vya watoto wadogo vilipungua. Basi alalaye nje ya chandarua hukaidi elimu iliyopatikana mlangoni pake. Mwizi wa pili ni safura, mnyoo aingiaye kwa nyayo zisizo na viatu, akanyonya damu tumboni. Wa tatu ni kichocho, apatikanaye katika maji yaliyotulia. Vaeni viatu, tumieni vyoo, na mezeni dawa za minyoo zigawiwapo shuleni.

Mwizi mwingine huja akijiita rafiki. Mijini huuzwa vidonge na sindano za homoni za kujaza misuli upesi. Dawa hizo hudhuru ini na moyo. Tena kwa kijana ambaye bado anakua huweza kuifanya mifupa yake iache kurefuka kabla ya wakati, akabaki mfupi maisha yake yote. Unga wa protini uuzwao kwa bei kubwa hauna ajabu isiyokuwamo katika maharage, mayai na samaki. Gongo na tumbaku ni adui wa wazi, wala havihitaji maelezo.

5. Nguvu ni za kazi gani

Mwisho, mtu asidhani kwamba nguvu ni unene wa mkono tu. Mtanzania Filbert Bayi hakuwa mtu wa misuli minene. Lakini tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Mwili wake ulijengwa kwa kazi yake, na mwili wako ujengwe kwa kazi yako.

Na yule Milo je, mwisho wake ulikuwaje? Husimuliwa ya kuwa siku moja alipita peke yake msituni akaona gogo lililopasuliwa nusu. Akajivunia nguvu zake, akatia mikono katika ufa ili alipasue. Gogo likambana, asiweze kujitoa, na usiku wanyama wakali wakamla. Miaka yote ya kumbeba ndama haikumfundisha kuita msaada.

Basi, kijana, jenga mwili wako kwa kipimo, uulishe, uulaze. Kisha uzitumie nguvu zako kumtwika mama mzigo wake, kumvusha mdogo wako katika kijito, na kumwinua aliyeanguka. Nguvu zisizomsaidia mtu ni mzigo tu kwa mwenye nazo.

Maswali

1. Msuli hukua wakati gani: wakati wa kazi au baada ya kazi? Eleza.
2. Taja mafiga matatu ya nguvu za mwili.
3. Kwa nini wavulana wawili wa umri mmoja huweza kutofautiana miili?
4. Eijkman aliona nini katika kuku wake, nasi wa nchi ya mpunga twajifunza nini?
5. Hesabu: Msichana ana uzito wa kilo 40. Ahitaji gramu ngapi za protini kwa siku? Panga chakula chake cha siku moja kwa vyakula vipatikanavyo kijijini kwenu.
6. Ulizeni nyumbani: mwaka jana maharage na kunde vilikwisha mwezi gani, na ni kiasi gani kingetosha hata mavuno?